Kingipini ni ipi hasa: ya mbele, ya trela, au ile ya kwenye bolingi?

DerevaWaMalaba

Salaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Swali langu ni dogo lakini limeshanila siku mbili na nauli ya kifurushi, kwa hiyo msinicheke kabla hamjamaliza kusoma.

Mimi naendesha lori la trela, nyumbani Malaba, upande huu wa Uganda. Mwezi uliopita usukani ulianza kunichezea. Nikifika spidi ya sitini na kitu, hasa nikitoka kwenye tuta, mikono inatetemeka kama nimeshika kinu cha kusaga. Tairi la mbele la kulia nalo linalika upande mmoja. Akaja fundi mmoja kijana wa hapa kwetu, akalisukuma tairi kwa mguu mara mbili, akapangusa mikono, akasema: "Mzee, kingipini zimekufa. Lete mpya nikufungie."

Nikapiga simu duka la spea Kampala. Nikasema nataka kingipini. Muuzaji akauliza gari gani, nikamtajia. Akauliza tena, "Inchi mbili?" Mimi wakati huo niko kwenye foleni ya forodha, jua la saa nane, simu inakatika, na nyuma yangu mtu anapiga honi. Nikajibu, "Ndiyo, hiyo hiyo." Pesa nikatuma kwa simu.

Kifurushi kikaja na basi la usiku. Nafungua kaveera, mfuko wa plastiki, nakuta chuma kimoja, kizito, kifupi, kina sahani yenye matundu ya bolti juu, halafu shingo iliyobonyea, halafu kichwa kilichotuna chini. Fundi kijana akakitazama akacheka mpaka akakaa chini. Ile ni pini ya trela! Ile ninayoiingiza kwenye fifwili, lile sahani la mgongoni mwa kichwa cha lori, kila siku ya Mungu, miaka kumi na tisa sasa, na sikuwahi kujua kwamba na yenyewe jina lake ni kingipini. Sisi tukiwa yadi tunasema "pini" tu. "Pini imeingia?" "Imeingia." Basi.

Muuzaji hataki kurudisha, anasema alinipa nilichoomba. Sina nguvu ya kubishana naye, maana kweli nilichoomba ndicho alichonipa.

Sasa sikilizeni. Jumamosi nikashuka Kampala, binti yangu wa mwisho anasoma huko, akasema baba leo nakupeleka kwenye bolingi. Wakanivua viatu vyangu wakanipa vya rangi mbili, wakanipa tufe lenye matundu matatu, wakaniambia tupa. Mara ya kwanza nikatupa kwenye mfereji. Ya pili mferejini. Ya tatu, sijui ilikuwaje, zikaanguka pini tisa kwa mpigo! Ikabaki moja tu, katikati, imesimama kama askari wa trafiki. Nikaruka. Binti wa pale ukumbini akapaza sauti: "Mzee, umemwacha kingipini!"

Nilishtuka kama mtu aliyeambiwa trela yako imechomoka. Nikamwambia binti yangu, hili jina limenifuata hata huku.

Maswali yangu. Kwanza, dukani niseme nini safari hii ili nipate ya mbele? Pili, kwenye bolingi kingipini ni ya katikati au ya mbele kabisa? Binti yangu alitafuta kwenye simu akasema wengine huita hivyo ile ya kwanza. Tatu, na hili ndilo linaninyima usingizi: chuma cha mbele ya lori, chuma cha chini ya trela na kigingi cha mbao kwenye mchezo wa watoto wa mjini vimepataje kuwa na jina moja?

BodaWaTororo

Mzee, hizo tisa uliziangusha kwa tufe au ulirudi nyuma na trela?

FundiWaJinja

Mzee mwenzangu pole. Nimeshika spana tangu mwaka 1986 na nimeona watu wakilia kwa makosa kama hilo lako, kwa hiyo usione haya.

Nianze na swali la tatu, kwa sababu ukilielewa hilo, la kwanza linajijibu.

Rudi nyuma mpaka magari ya kukokotwa na farasi. Ekseli ya mbele ilikuwa boriti moja, na katikati yake ilipita pini moja nene ya chuma iliyoishika na mwili wa gari. Farasi akikata kushoto, ekseli yote inageuka juu ya pini ile. Ili mwili usiyumbe, wakaweka duara la chuma limelala bapa kati ya ekseli na mwili. Magurudumu manne yako chini, hilo la tano limelala juu. Umeshaona ninapoelekea? Trela yako imerithi vyote viwili, na majina yake. Pini iko chini ya trela, gurudumu la tano liko mgongoni mwa kichwa. Wewe unasema fifwili bila kujua kwamba unahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano.

Ekseli inayogeuka yote ina ubaya wake. Ukikata kona kali, gari linabaki limesimama kama kigoda cha miguu mitatu, linapinduka. Ndipo wakaja na akili ya kuiacha ekseli itulie, na kila gurudumu ligeuke peke yake kwenye ncha yake. Hati ya wazo hilo iliandikishwa Uingereza mwaka 1818 na Rudolph Ackermann, kwa niaba ya Mjerumani aliyelibuni, Georg Lankensperger. Angalia mwaka huo: magari ya petroli bado hayajazaliwa. Basi pini moja ya katikati ikawa mbili, moja kulia, moja kushoto, na jina likahama nazo. Hizo ndizo za mbele yako. Ni ukoo mmoja, mzee. Mmoja alibaki chini ya trela, wawili wakaenda kukaa kwenye magurudumu.

Sasa dukani. Usiseme "kingipini" ukanyamaza. Sema: seti ya kingipini za ekseli ya mbele. Seti ya kawaida ina pini mbili, bushi nne (vibomba ambamo pini hukaa), beringi mbili bapa za kubeba uzito, shimu (vibati vyembamba vya kujazia nafasi), na kabari za kuzuia pini isizunguke. Mtu akikuuliza "inchi mbili au tatu na nusu?", jua moja kwa moja kwamba anaongea habari za trela, maana hizo ndizo saizi mbili za pini za trela duniani. Ya inchi mbili ndiyo ya trela nyingi unazopishana nazo. Ya tatu na nusu ni ya mizigo mikubwa kupita kawaida. Pini ya mbele haiulizwi hivyo. Bora ufungue ya zamani, uipime kwa venia (kile kipimo cha taya), na upige picha kibati cha namba kwenye ekseli.

Lakini kabla hujatuma pesa tena, nina wasiwasi na huyo kijana wako. Kusukuma tairi kwa mguu si kupima. Hata tairi la baiskeli ukilipiga teke litacheza.

Fanya hivi. Weka vizuizi nyuma, piga jeki chini ya boriti ya ekseli mpaka tairi lining'inie. Shika tairi juu na chini, ulitikise kuingia na kutoka. Vitabu vya Kizungu husema shika saa kumi na mbili na saa sita. Sisi tunasoma saa kinyume chao, lakini hapa haidhuru kabisa: kumi na mbili yao ni sita yetu, na sita yao ni kumi na mbili yetu. Mikono inafika palepale.

Likicheza, mwambie tanboi, utingo wako, akanyage breki aishikilie. Utikise tena. Hapa ndipo siri ilipo. Breki ikishika, gurudumu linakuwa kitu kimoja na mkono wake wa kugeukia. Uchezaji ukiisha, mwenye kosa ni beringi ya gurudumu, kingipini yako ni nzima. Uchezaji ukibaki, chungulia nyuma ya gurudumu na tochi, utauona mkono ukipishana na boriti. Hapo ndipo useme kingipini imekufa.

Nyingi huuawa na grisi, namaanisha kwa kukosa grisi. Kuna nipo, kile kichuchu cha kuingizia grisi, juu na chini ya kila pini. Mtu anapaka ya juu kwa sababu anaiona, ya chini imejaa matope anaipita. Ukipampu, usiache mpaka uone grisi nyeusi imetoka na safi imeanza kufuata. Niliwahi kuitoa moja kwenye lori la kubeba mchanga, tulipigana nayo tangu asubuhi hadi adhuhuri, nyundo ya kilo nane, tukaipasha moto, tukaimwagia mafuta ya taa. Ilipotoka upande mmoja ulikuwa umelika bapa kabisa, kama mswaki wa mti uliotafunwa wiki nzima. Mwenye gari akasema, "Lakini nilikuwa napaka grisi!" Nikamwonyesha nipo ya chini. Ilikuwa bado na rangi ya kiwandani.

Na bushi mpya zikishaingia, asizigonge tu akaondoka. Lazima zipitishwe rima, kile chuma cha kupanulia tundu, zifikie saizi ya pini, na tundu la grisi kwenye bushi litazamane na la nipo. Likikaa pembeni, unapampu hewa miaka miwili halafu unarudi kwangu.

Habari za bolingi sizijui. Waulize vijana.

DerevaWaMalaba

Fundi, Mungu akupe miaka. Hilo la kukanyaga breki hakuna aliyewahi kuniambia, na nimekaa gereji nyingi nikinywa chai ya watu.

Uliposema kwamba ya trela ndiyo ya zamani zaidi, nimekumbuka nikiwa tanboi. Ilikuwa yadi moja Tororo, usiku, mvua. Dereva wangu, marehemu sasa, akarudi nyuma kuchukua trela. Tukasikia "ka!" Nikasema imeingia. Akaniuliza umeiona au umeisikia? Nikasema nimeisikia. Akashuka na tochi, akalala chini kwenye tope na shati lake jeupe, akachungulia. Trela ilikuwa imesimama juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Pini ilikuwa imepita juu ya taya na kukaa kwenye ukingo. Mlio tuliousikia ni wa taya kujifunga zenyewe, hazijashika kitu! Tungetoka pale, kwenye mteremko wa kwanza sisi tungekwenda na trela ingekwenda kwao.

Hakunipiga. Alinilaza kwenye tope lile lile, akanipa tochi, akasema tazama mpaka uione ikiwa sawa. Tukashusha trela, tukarudi nyuma upya, safari hii nikaona shingo ya pini imekumbatiwa pande zote. Halafu akafunga breki za trela, akaivuta kidogo mbele, ikakataa kutoka. Mpaka leo sijawahi kuondoka yadi kwa kusikia tu.

Kwa hiyo ile pini naijua sura yake kuliko ya ndugu zangu. Jina lake tu ndilo nililokuwa silijui.

MpangaPini

Shikamoo wazee. Mimi nafanya kazi kwenye ukumbi wa bolingi hapa Kampala (sisemi upi, na kama ni mimi niliyekupigia kelele, samahani mzee, nilifurahi kuliko wewe).

Kuhusu ipi ni kingipini, kote mmepatia kidogo. Pini ni kumi, zimepangwa pembetatu: moja mbele, nyuma yake mbili, halafu tatu, halafu nne. Tunazihesabu kuanzia ya mbele, kushoto kwenda kulia. Namba 1 ni ile ya mbele, hiyo wengi huiita pini ya kichwa. Kuna watu huiita kingipini, utalisikia hilo, lakini wanaocheza kwa dhati wakisema kingipini wanamaanisha namba 5, iliyo katikati ya safu ya watu watatu.

Ukitaka kujua kwa nini, chukua maharage kumi uyapange mezani kwa umbo hilo. Namba 5 imezungukwa na sita: 2, 3, 4, 6, 8 na 9. Hakuna nyingine yenye majirani sita. Zinazobaki ni 1, 7 na 10, hizo ni pembe. Tena 5 iko nyuma ya 1 moja kwa moja, kama sentimita 53 nyuma yake, kwa hiyo ukisimama kwenye mstari wa kutupia, mita 18 na ushee, huioni. Unaona tisa. Watu huja wananiambia, dada, mashine yenu imesahau moja. Nawaambia isogelee pembeni kidogo utamwona mfalme wako.

Mashabiki wa hapa hudhani tufe ndilo linaloangusha zote. Kwa anayetupa kwa mkono wa kulia na kulenga vizuri, tufe linaingia kati ya 1 na 3, na linagusa pini nne tu: 1, 3, 5 na 9. Zilizobaki huuana zenyewe. Namba 1 inampiga 2, 2 anampiga 4, 4 anampiga 7. Namba 3 anampiga 6, 6 anampiga 10. Na 5 ndiye anayemwangusha 8. Tufe likifika limechoka au likipotoshwa na zile za mbele, linapita pembeni ya 5 bila kumgusa, na unabaki na kilichokupata wewe: moja imesimama katikati ya uwanja mtupu.

Mzee, nafikiri ulichukua tufe jepesi. Wageni wote huchukua lile la rangi nzuri. Pini moja ina kama kilo moja na nusu, na ziko kumi. Tufe la kilo tatu likigonga ile ya kwanza linayumba. Zito kabisa linaloruhusiwa ni la kilo saba na robo hivi. Wewe umezoea usukani wa lori, chukua la kilo sita.

Jina lenyewe, nilivyofundishwa kazini, ni la tangu mchezo wa pini tisa, kabla ya hizi kumi. Wajerumani bado wanaucheza, wanauita Kegeln. Tisa zinapangwa kama almasi, na ya katikati huitwa König, yaani mfalme, amezungukwa na watu wake wanane. Kumi zilipokuja mfalme akabaki katikati na jina lake. Kanuni za pini kumi zilikuja kuwekwa sawa huko New York mwaka 1895.

Halafu mzee uliyesema ulikuwa tanboi, hii nimekuwekea wewe. Zamani hakukuwa na mashine ya kupanga. Kulikuwa na vijana wanaokaa nyuma ya pini, juu ya kiambaza, tufe likipita wanaruka chini, wanazisimamisha kwa mkono, wanarudisha tufe, wanapanda tena kabla la pili halijaja. Mashine ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1946. Mimi jina langu la humu nimelitoa kwao, lakini kusema kweli nabonyeza kitufe tu.

KijanaKitintale

Mmeisahau ya nne! Skeitibodi. Njooni uwanja wetu hapa Kitintale mwone. Chini ya ubao kuna vyuma viwili vinavyoshika magurudumu, na katikati ya kila kimoja kuna bolti nene imepita kwenye bushi mbili za mpira. Hiyo bolti ndiyo kingipini. Ukiilegeza ubao unakata kona kama nyoka, ukiikaza unakwenda moja kwa moja. Ikikatika uko hewani, utatafuta meno yako. Spea zenyewe hapa ni shida, tunatumia bolti yoyote inayoingia.

FundiWaJinja

Bolti yoyote inayoingia. Haya.

MwalimuMbale

Nimefuatilia kwa furaha. Nafundisha Kiswahili sekondari, na tangu Baraza la Mawaziri lipitishe Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, wanafunzi wananiletea maneno ya namna hii kila siku wakitaka tafsiri, kana kwamba ninazo mfukoni.

Hapo kuna maana ya tano ambayo hakuna aliyeitaja: ya magazetini. Mwandishi wa Kiingereza akisema mtu fulani ni kingipini wa magendo, sisi tunaandika kinara au kigogo. Kinara lilikuwa jina la kitu cha kuwekea taa kabla halijawa la mtu. Lakini jaribu kwenda gereji useme "naomba kinara za ekseli ya mbele" uone watakavyokutazama. Maana moja ina neno letu safi, na zile nne zilizobaki zina pini ya kukopa.

Niliwaza kupendekeza "pini ya shaha", kwa sababu shaha ni mfalme wa mchezo wa sataranji, na kwenye bolingi ingependeza. Kwa lori, "pini egemeo", kwa kuwa ndipo gurudumu linapoegemea likigeuka. Mnaonaje?

FundiWaJinja

Mwalimu, nakuheshimu. Lakini mimi nikimtuma kijana dukani akaombe "pini egemeo" atarudi na bawaba ya mlango. Mzee wa Malaba alisema neno lenyewe hasa na bado aliletewa kitu kingine.

MwalimuMbale

Hapo umenishinda. Ila la shaha nalibakiza, kwa ajili ya huyu dada wa bolingi.

MpangaPini

Nimeshalitumia leo mchana! Kuna bwana alimwacha 5, nikamwambia umemwacha shaha. Akauliza, "Shaha wa taarab?" Nikamwambia huyo huyo, yuko katikati anaimba.

DerevaWaMalaba

Wakubwa, nimerudi na majibu. Jana nilipiga jeki kama fundi alivyosema.

Tairi la kulia kwanza. Nalitikisa juu na chini, linacheza, na unasikia kabisa "tak, tak" kama mtu anagonga mlango kwa adabu. Nikamwambia tanboi wangu kanyaga. Akakanyaga. Natikisa, bado linacheza. Nikasema basi, kingipini. Nikahamia kushoto. Linacheza. Kanyaga! Linacheza vilevile. Nikahesabu pesa kichwani, nikakaa juu ya jeki nikahuzunika. Halafu nikainua macho nikaona mguu wa huyu mtoto. Bannange, anakanyaga klachi! Muda wote ule, kwa moyo wake wote, klachi.

Tukaanza upya. Kulia, kwa breki, bado linacheza, na nilipomulika nyuma nikaona mkono unapishana na boriti upande wa chini. Nipo ya chini, fundi, sina la kujitetea, ilikuwa tope tupu, nilitumia msumari kuifukua. Kushoto, kwa breki, kimya. Halichezi hata kidogo. Kumbe ni beringi, ilikuwa imelegea tu. Tukaikaza, na nati yake tukaifunga kwa kibati kipya.

Kwa hiyo yule kijana alipatia nusu. Nilitaka kumsema, lakini nusu si haba kwa mtu aliyepima kwa teke.

Seti ya mbele nimeinunua Mbale safari hii, mkononi, na pini ya zamani nimeishika. Muuzaji aliniuliza swali moja tu, namba ya ekseli. Hakuna aliyetaja inchi. Kesho kutwa inafungwa, na nimeshamwambia fundi kijana kuhusu rima. Ameniuliza nimejifunzia wapi. Nimemwambia kwenye bolingi.

FundiWaJinja

Kuna swali hujajibu. Pini ya trela iko wapi?

DerevaWaMalaba

Nyumbani. Mama watoto anaizuilia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Anasema haijawahi kutokea kifaa cha lori kikamfaa kama hiki, hata kuku wanaiheshimu. Lakini kuna mtu akiitaka nitampokonya, bei tutaelewana, ni mpya haijawahi kuvaa grisi.

BodaWaTororo

Mzee mimi nina shemeji anayetengeneza trela hapa Tororo, jana alikuwa anaitafuta. Ni ya kuchomelea au ya bolti?

DerevaWaMalaba

Ya bolti! Sahani ina matundu manane. Mwambie apige simu sasa hivi.

BodaWaTororo

Ngoja nimuulize. Anauliza ni inchi ngapi.

DerevaWaMalaba

Mbili.

BodaWaTororo

Anasema yake ni tatu na nusu.